Majiko ya Kale Chini ya Barabara za Ayalandi

Katapila likikwangua udongo wa juu shambani, dalili ya kwanza huwa ni rangi: doa jeusi la makaa lililojaa mawe yaliyopasuliwa na moto. Dereva husimamishwa, na wanaakiolojia hushuka na miko yao. Wamekutana na fulacht fia, shimo la kupikia la watu wa Zama za Shaba.

Ayalandi ina mashimo ya aina hiyo zaidi ya 7,000 yanayojulikana, mengi kando ya vijito na kwenye ardhi tepetepe. Watu walichimba mahali ambapo maji hujaa yenyewe, wakazifunika kuta za shimo kwa mbao au mawe bapa, kisha wakawasha moto kando yake. Mawe yaliyopata moto yalitumbukizwa moja baada ya jingine mpaka maji yakatokota. Yaliyopasuka yalitupwa pembeni, na rundo likakua likawa na umbo la kiatu cha farasi. Wapishi hao waliyajua mawe yao: ilipowezekana walichukua jiwe la mchanga, kwa kuwa jiwe la chokaa likishaungua humumunyuka majini na kuyachafua.

Katika miaka ya 1950 Profesa M. J. O'Kelly aliirudia kazi hiyo huko Ballyvourney, Kaunti ya Cork. Lita 454 za maji zilichemka kwa muda wa nusu saa hivi, na mguu wa kondoo wa kilo 4.5, uliofungwa kwa nyasi kavu, ukaiva kwa saa 3 na dakika 40.

Kwa karne nyingi watu waliamini mashimo hayo ni ya Fianna, wawindaji mashujaa wa hadithi. Mwanahistoria Seathrún Céitinn aliandika hivyo katika karne ya 17. Vipimo vya kaboni vimeonyesha kuwa mengi ni ya kale kuliko zama za mashujaa hao kwa miaka elfu na zaidi.

Elimu kuhusu mashimo hayo iliongezeka sana barabara kuu zilipoanza kujengwa kwa wingi. Mwaka 2000 mamlaka ya barabara ilikubaliana na serikali kuajiri wanaakiolojia wa kukagua njia kabla ya ujenzi. Hapo awali wataalamu walivutiwa zaidi na makaburi na ngome. Barabara haichagui, hukata bonde na kinamasi, na huko ndiko majiko yalikofichika.

Mifupa ya wanyama hupatikana humo kwa nadra, kwani udongo wenye asidi huila. Ndiyo maana wengine husema watu walioga humo, walitia nguo rangi au walipika pombe. Mimi naona chakula kilitangulia, ingawa penye maji ya moto hapakosi kazi nyingine.

Lami ikishamwagwa, shimo halipo tena. Hubaki michoro, sampuli za makaa na ripoti. Gharama ya kazi hiyo ilitoka katika bajeti ya barabara yenyewe, na hivyo ndivyo ilivyostahili: anayeifukua ardhi ndiye alipie kumbukumbu zake.