Maneno ya Ukwe katika Kiingereza: Asili Yake na Mafundisho Yake

Mwanafunzi wa Kiingereza, afikapo kwenye majina ya jamaa, hustaajabu kuona ya kwamba Waingereza humwita baba wa mke "father-in-law", yaani baba katika sheria. Huuliza: Sheria gani hiyo? Tena, je, watu hawa hawakuwa na jina lao wenyewe la kumtaja mkwe? Maswali hayo ni ya haki, nasi twataka kuyajibu kwa ufupi, kwa kuwa majibu yake yatufaa sisi tufundishao na kufasiri.

Kwanza, majina walikuwa nayo. Katika Kiingereza cha kale baba mkwe aliitwa "sweor", mama mkwe "sweger", mume wa binti "athum", mke wa mwana "snoru", na ndugu wa mume "tacor". Wala hayakuwa majina ya Waingereza peke yao. "Snoru" na "nurus" la Kilatini ni neno moja kwa asili, na "sweger" vivyo hivyo na "socrus". Wajerumani nao humwita shemeji "Schwager" hata leo. Ulikuwa urithi wa kale sana, wa tangu lugha hizo hazijaachana.

Mwaka 1066 Wanormani walitoka Ufaransa wakaishinda Uingereza, na kwa muda mrefu Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na ya mahakama. Majina ya watu wa nyumbani hasa, kama "father" na "mother", yalidumu. Lakini "uncle", "aunt" na "cousin" yalitoka kwa Wafaransa. Majina ya kale ya ukwe yakafifia moja moja, hata yakatoweka. Mahali pake yakaingia haya yenye sheria ndani yake: "brother-in-law" laonekana katika maandiko ya karibu na mwaka 1300, na mengine yakafuata baadaye.

Sheria yenyewe ilikuwa ya Kanisa. Kanisa lilifundisha ya kuwa mume na mke ni mwili mmoja. Kwa hiyo dada wa mke alihesabiwa kuwa dada wa mume, wala mume hakuweza kumwoa hata mkewe akifa. Hapo kwanza makatazo haya yalifika hata daraja la saba la ujamaa. Mtaguso wa Laterani wa mwaka 1215 uliyapunguza yakawa manne. Basi "sister-in-law" ni mwanamke ambaye kwa sheria ya ndoa ni kama dada. Jina hilo halikuwekwa kutaja mapenzi wala heshima, bali mpaka.

Na mpaka huo uliwasumbua Waingereza karne nyingi. Mfalme Henry VIII alimwoa Catherine, mjane wa Arthur ndugu yake, mwaka 1509, kwa ruhusa ya Papa. Kisha akadai ya kuwa ndoa ile ilikatazwa na sheria ya Mungu, na mwaka 1533 Askofu Mkuu Cranmer akaitangaza kuwa si ndoa. Mwaka 1563 Askofu Mkuu Parker akatoa orodha ya jamaa wasioweza kuoana, na kanuni za mwaka 1603 zikaamuru ibandikwe katika kila kanisa. Sheria ya mwaka 1835 ilibatilisha kabisa kila ndoa ya namna hiyo itakayofungwa baadaye. Yakafuata mabishano ya miaka zaidi ya sabini, hata mwaka 1907 mtu akaruhusiwa kumwoa dada wa marehemu mkewe, na mwaka 1921 mjane wa marehemu ndugu yake.

Msomaji wa vitabu vya zamani na aangalie jambo moja. Zamani "mother-in-law" lilikuwa pia jina la mama wa kambo. Katika kitabu cha Dickens kiitwacho "The Pickwick Papers", cha miaka 1836 na 1837, Sam Weller humwita hivyo mke wa pili wa baba yake. Asiyejua atadhani Sam ameoa.

Hasara ya kupotewa na majina yaonekana wazi katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, yaeleza wajibu wa ndugu wa mume kwa mjane. Kiebrania kina neno moja la kumtaja mtu huyo, na Kilatini kina "levir". Kiingereza nacho kilikuwa na "tacor", lakini lilikwisha kufa. Wafasiri wakalazimika kueleza kwa maneno mawili, "ndugu wa mume". Vilevile "sister-in-law" moja hutumika kwa dada wa mume, dada wa mke, na mke wa ndugu. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kuuliza kwanza ni nani asemaye na nani atajwaye, ndipo ajue kama ni wifi au shemeji.

Sasa tujitazame wenyewe. Wazee wa pwani walisema mavyaa na bavyaa, na ndani ya majina hayo mna kuvyaa, ndiko kuzaa: mkwe ametajwa kama mzazi. Walisema mkazamwana, yaani mke wa mwana, na mwanyumba kwa wanaume waliooa ndugu wawili. Siku hizi vijana wengi hutosheka na mkwe na shemeji tu, na wengine hawajapata kuyasikia hayo mengine. Waingereza hawakukutana siku moja wakaamua kuyatupa majina yao. Kila kizazi kiliacha moja, na kizazi kilichofuata hakikujua ya kuwa kumepotea kitu.

Basi, walimu wenzetu, tuyaulize majina haya kwa wazee wangali hai, tuyaandike pamoja na mahali yasemwapo, na tuyatumie darasani. Neno lililoandikwa tu laweza kukaa kitabuni kama "tacor", likijulikana na wataalamu peke yao. Lililo vinywani mwa watoto ndilo lililo hai.