Panya wa Morogoro Wamesoma Kuliko Mbwa Wetu wa Ukambani

Kuna kitu wazee wetu wa Kitui na Makueni wanapenda kusema: mbwa wa kienyeji hafundishiki, dawa yake ni fimbo. Mimi napinga. Na napinga kwa historia, si kwa video za mbwa wa ng'ambo wanaolala kwa sofa.

Kuna kidude kinaitwa klika. Ni kiboksi cha plastiki chenye kibati ndani, ukibonyeza kinalia "ta!". Mbwa akifanya kile unataka, unabonyeza saa hiyo hiyo, halafu unampa kitu cha kula. Akishazoea, ule mlio unakuwa kama meseji ya M-Pesa: pesa hujaishika, lakini unajua imeingia.

Mrusi Ivan Pavlov alishaonyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba mbwa akizoea sauti inayokuja na chakula, mate yanamtoka kabla hata chakula hakijafika. Kule Marekani, B. F. Skinner akaenda mbele zaidi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifundisha njiwa kudonoa picha ya shabaha, ati ndio waongoze bomu. (Jeshi halikuwatumia. Bahati yao.) Marian na Keller Breland, wanafunzi wake waliofanya naye kazi hiyo, wakafungua biashara ya kufundisha wanyama mwaka wa 1947. Mwaka wa 1951 Skinner mwenyewe akaeleza kwenye jarida la Scientific American jinsi mtu wa kawaida anaweza kufundisha mbwa nyumbani kwa mlio na chakula.

Na bado watu wa mbwa wakaendelea kuvuta minyororo. Ilibidi ifike miaka ya 1990 ndipo klika ikashika, na aliyeisukuma sana ni Karen Pryor, mama aliyekuwa amefundisha pomboo Hawaii kwa filimbi. Pomboo huwezi kumpiga kiboko, anaogelea tu anaenda zake. Miaka 40 jibu lilikuwepo, lakini fimbo ilikuwa karibu na mkono.

Sasa tukuje kwetu. Wanafunzi hodari wa klika Afrika Mashariki si mbwa, ni panya buku. Shirika la APOPO, wazo la Mbelgiji Bart Weetjens, liko Morogoro, Tanzania, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, tangu mwaka wa 2000. Panya anasikia mlio, anapata ndizi au karanga, na polepole anajifunza kunusa baruti iliyofukiwa chini. Eneo la uwanja wa tenisi analimaliza kwa nusu saa hivi. Mtu na mashine ya kutambua chuma anaweza kuchukua siku kadhaa. Magawa, aliyezaliwa hapo Tanzania, alienda Kambodia akagundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100, na mwaka wa 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Panya wetu, wasee! Wa hapa jirani!

Kwa nini haya yanihusu mimi Mkamba? Kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa Kenya mwaka wa 1912, kwa mbwa karibu na Nairobi, na mpaka leo unaua, hasa watoto wa vijijini. Serikali ilipotoa mpango wa kuumaliza kati ya 2014 na 2030, Makueni ilikuwa kati ya kaunti za kuanzia. Hesabu inajulikana: chanja angalau asilimia 70 ya mbwa, ugonjwa unakatika.

Lakini mbwa ambaye mkono wa binadamu anaujua kwa kipigo tu, siku ya chanjo anaingia kichakani. Mwenye mbwa anarudi na kamba mkononi, na ile sindano inabaki kwa kibaridi. Hapo ndipo fimbo imetufikisha.

Mbwa anahitaji masomo matatu tu: kuja akiitwa, kukaa, na kukubali kushikwa shingo. Klika ukiikosa Wote au Mwingi, biro ya kubonyeza inatosha. Kata matumbo vipande vidogo kama punje ya mahindi, umfundishe dakika tano jioni kabla hujampa muthokoi yake, na usibonyeze bure bila kumlipa.