Volkano Iliyozimika Nyuma ya Sindo

Magharibi mwa Kenya, barabara ya Mbita kwenda Sindo inapita kati ya Ziwa Victoria na milima, na abiria wengi hutazama ziwani. Huko ndiko kwenye omena na mbuta, ndiko kwenye riziki. Lakini historia kongwe ya eneo hili la Suba imo milimani. Milima ya Gwassi na Gembe na visiwa vya Rusinga na Mfangano ni masalia ya volkano moja kubwa, Kisingiri, iliyolipuka katika zama za Miosini. Kitovu chake ni Rangwa, mlima usio mbali na Sindo.

Rangwa ina miamba ya moto yenye chokaa nyingi. Leo volkano hai inayotoa lava ya jamii hiyo ni moja tu duniani, Ol Doinyo Lengai ya Tanzania.

Majivu ya Kisingiri yalipoanguka Rusinga yalifukia mifupa, mbegu, matunda, hata wadudu, na madini yake yakavigeuza mawe. Mwaka 1948 mtafiti wa visukuku Mary Leakey alipata kisiwani humo fuvu la sokwe wa kale aliyeishi miaka ipatayo milioni 18 iliyopita. Aliitwa Proconsul, tangu 2015 anaitwa Ekembo. Spishi yake, heseloni, inamuenzi Heselon Mukiri, Mkenya aliyechimba pamoja na akina Leakey miaka mingi. Kila mtoto wa shule ya Sindo angepaswa kulijua jina hilo. Karibu na mabaki ya Ekembo vimepatikana visiki vya miti vilivyogeuka mawe: kisiwa hicho kikavu kiliwahi kuwa na msitu mnene.

Nyuma ya Gwassi kuna Bonde la Lambwe, ambako mlinzi wa wanyama alikuwa mbung'o. Inzi huyo alieneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, wakulima wakaliogopa bonde, nyasi zikabaki kwa korongo, yule swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe. Sehemu ya bonde ikawa hifadhi mwaka 1966, kisha Mbuga ya Taifa ya Ruma mwaka 1983, kilomita za mraba 120. Mbayuwayu wa buluu nao huja hapo wakishazaliana kusini mwa Afrika.

Sasa mbung'o wamepungua, ila mitego ya waya ingalipo. Sensa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu korongo 15 tu Kenya nzima, na makazi yao ya mwisho ni Ruma. Faru weusi walioletwa mbugani walipewa ulinzi mkali. Korongo, mwenyeji wa bonde, anastahili ulinzi uo huo, na anauhitaji sasa.