MUGENDI: JINA LA KWANZA LA KAMBARAGE



Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania, anajulikana sana kambini kwetu. Lakini alipozaliwa huko Butiama, tarehe 13 Aprili 1922, hakuitwa Kambarage. Aliitwa Mugendi, yaani mtembezi kwa lugha ya Kizanaki. Punde si punde, kwa shauri la mganga, jina hilo likabadilishwa, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Julius ni jina la ubatizo, alilolipata mwaka 1943. Nyerere ni jina la baba yake, nalo maana yake ni kiwavi, kwa kuwa mzee huyo alizaliwa wakati viwavi walipovamia nchi.

Mrundi akisikia Mugendi hukumbuka umugenzi, yaani msafiri, na pia rafiki. Wakongo nao wana Safari, jina la mtoto aliyezaliwa njiani. Wako pia akina Shida na Mateso. Majina haya hueleza yaliyowapata wazazi siku ile. Hayasemi mtoto atakuwa nani.

Tazameni yule Mugendi. Alipokuwa Rais, mwaka 1980, Tanzania iliwapa uraia wakimbizi Wanyarwanda wapatao 36,000. Mwaka 1983 alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa kuwatumikia wakimbizi. Kuanzia mwaka 1996 alisuluhisha Warundi mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Mkataba ulitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000, yeye hayupo.

Wazee wa Butiama walibadili jina bila karatasi. Sisi hatuwezi hivyo. Jina la kwenye kadi ya mgao likitofautiana na la kwenye cheti cha kuzaliwa, mtoto ndiye atakayehangaika shuleni, hospitalini na siku ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo wazazi, kubalianeni jina kabla ya kwenda kumwandikisha mtoto, kisha mlisome lilivyoandikwa kabla hamjaondoka. Nanyi makarani wetu, msiandike kwa kukisia. Mwulizeni mama linavyotamkwa, na ikiwezekana mwulizeni na maana yake.

Mengi tuliyaacha nyuma, lakini majina tulikuja nayo. Tuyatunze.