Beriberi, Ugonjwa Uliosingiziwa Vijidudu

Mahindi yanapokobolewa katika mashine za Tengeru na Usa River, sembe nyeupe huenda jikoni na pumba huenda kwa ng'ombe wa maziwa. Pamoja na pumba huondoka sehemu kubwa ya thiamini, yaani vitamini B1. Na mchele nao hupoteza vivyo hivyo. Mwili huitumia thiamini kugeuza wanga kuwa nguvu, lakini akiba yake hutosha wiki chache tu. Ikiisha, mtu hukosa hamu ya kula na huchoka bila kazi. Baadaye miguu hufa ganzi na kulegea, au moyo hulemewa, miguu ikavimba na pumzi zikamwishia. Hiyo ndiyo beriberi.

Karne ya 19 iliiona ikiwaua maelfu ya walaji wa wali mweupe barani Asia, na kwa kuwa vijidudu vilikuwa vikigunduliwa kila mwaka, madaktari wengi walivilaumu vijidudu. Takaki Kanehiro wa jeshi la majini la Japani alishuku chakula. Katika safari ya meli ya Ryujo walikuwa wamekufa mabaharia 25. Mwaka 1884 alibadili mlo wa meli ya Tsukuba, na hakufa hata mmoja. Yeye alidhani kilichopungua ni protini: alikosea sababu, akapatia dawa.

Miaka michache baadaye, huko Batavia, Java, kuku wa maabara ya Christiaan Eijkman walianza kupepesuka. Walikuwa wakilishwa wali mweupe wa hospitali ya jeshi, hadi mpishi mpya alipokataa chakula cha askari kuliwa na kuku wa raia. Waliporudishiwa mchele wenye pumba zake, walipona. Eijkman alidhani wali una sumu inayozimwa na pumba. Mwaka 1901 mwenzake Gerrit Grijns alieleza vizuri zaidi, kwamba kuna kitu kinachokosekana. Kitu hicho kilitengwa mwaka 1926.

Pamoja na hayo, kosa lilelile lilirudi karibu na kwetu. Kuanzia Aprili 2009 hadi Mei 2010, wanajeshi 241 wa Umoja wa Afrika waliokuwa Mogadishu walivimba miguu, na angalau 4 walikufa. Baadhi walipelekwa kwa ndege hospitali za Kenya na Uganda. Kambini kulikuwa na panya, hivyo kwanza ilidhaniwa ni leptospirosisi, maradhi ya mkojo wa panya. Dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi, ila haikueleza kwa nini mioyo ilikuwa inashindwa kazi. Wachunguzi walipouliza askari wanakula nini, na wagonjwa wakapata nafuu kwa thiamini, jibu likawa beriberi.

Mlaji wa makande mlimani Meru ana kinga nzuri, kwa sababu maharage yana thiamini ya kutosha. Lakini wapishi wengi hutia magadi ili yaive upesi, na magadi ni alkali, ambayo huivunja thiamini sufuria ikiwa bado jikoni. Mahindi na maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva bila magadi, tena kwa kuni chache.