Jiwe la Kipushi katika Kikuza Sauti



Siku moja tulifungua redio ya zamani mezani, mbele ya vijana wa parokia yetu. Redio hiyo ilinunuliwa na babu ya mmoja wao katika miaka ya 1960, nayo ilikuwa bubu tangu siku nyingi. Tulitaka kutoa viungo vyake vilivyo vizima, tujenge navyo kikuza sauti kidogo, kile ambacho mafundi wa kwetu hukiita ampli. Kijana mmoja akashika kitu kidogo cheusi chenye miguu mitatu, mfano wa mdudu, akauliza: «Mwalimu, kitu hiki kilitoka wapi?» Kabla hatujafungua kinywa, wenzake wakajibu kwa pamoja: «Ulaya!»

Jibu lao halikuwa uwongo, lakini lilikuwa nusu ya kweli. Nusu ya pili ndiyo tunayotaka kuwasimulia leo, kwa sababu inatuhusu sisi watu wa Kongo kuliko wengi wanavyodhani.

1. Sauti inayochoka njiani

Mtu akisema mbele ya mikro, sauti yake hugeuka umeme. Lakini umeme huo ni mdogo mno, hauwezi kuitikisa spika. Tena ukipitishwa katika waya mrefu hupungua kilometa kwa kilometa, kama maji ya mfereji yanayonywewa na mchanga. Basi yahitajiwa chombo cha kuupokea umeme huo dhaifu na kutoa umeme mwingine wenye nguvu, unaofuata mwendo ule ule.

Angalieni vema: kikuza sauti hakiumbi nguvu. Nguvu hutoka katika betri. Umeme wa sauti ni kama mkono wa mtoto ushikao kilango cha mfereji. Mkono ni mdogo, maji yanayopita ni mengi, nayo huongezeka na kupungua kadiri mkono unavyofungua na kufunga.

Kazi hiyo ilifanywa kwanza na taa za kioo. Lee de Forest wa Marekani alitengeneza taa ya namna hiyo kuanzia mwaka 1906, na wengine wakaitengeneza vizuri zaidi. Kwa msaada wa taa hizo, tarehe 25 Januari 1915 watu wa New York waliongea kwa simu na watu wa San Francisco, mwendo wa zaidi ya kilometa 4.000.

Lakini taa zina taabu zake. Lazima uzi wake wa ndani uwake moto kwanza, ndipo ifanye kazi. Hula umeme mwingi, huvunjika, huungua. Tena nyingi zadai volti 100, 200 au zaidi. Kijana asiye na umeme nyumbani angezipata wapi? Na yule aliyezipata, kosa moja la mkono liliweza kumwua.

2. Kabari ya plastiki na karatasi ya dhahabu

Kampuni ya simu ya Bell, yenye maelfu ya taa katika waya zake, ndiyo iliyojua zaidi taabu hizo. Katika maabara yake ya Murray Hill, New Jersey, wataalamu walitafuta kitu kigumu, kisicho na kioo wala moto, cha kukuza umeme. Wawili kati yao waliitwa John Bardeen na Walter Brattain, na mkuu wa kundi lao William Shockley.

Tarehe 16 Desemba 1947 Bardeen na Brattain walikipata. Mtu akikiona kifaa chao cha kwanza aweza kucheka. Walichukua kabari ya plastiki, wakaizungushia karatasi nyembamba ya dhahabu, wakaipasua karatasi hiyo kwa wembe kwenye ncha ya kabari, hata ikawa vipande viwili vinavyokaribiana sana, kama sehemu ya 0,05 ya milimeta. Kisha wakaikandamiza ncha hiyo kwa springi juu ya kipande cha metali ya kijivu iitwayo germaniumu. Ni hayo tu. Tarehe 23 Desemba waliwaonyesha wakuu wao: mtu alisema katika mikro, na sauti ikatoka katika vyombo vya masikioni na nguvu iliyokuzwa mara 18 hivi.

Habari hiyo ilitangazwa kwa watu wote tarehe 30 Juni 1948, na kitu chenyewe kikapewa jina la transista. Shockley naye akabuni transista ya namna nyingine, iliyo imara zaidi. Mwaka 1956 wote watatu walipata tuzo ya Nobel.

3. Vitu vilivyokataliwa

Hapo ndipo habari yetu inapogeuka. Ilikuwaje kitu cha maabara kubwa kifike mezani kwa mwanafunzi?

Mwaka 1952 kampuni ya Bell ilifundisha makampuni mengine namna ya kutengeneza transista. Kila kampuni ililipa dola 25.000. Lakini watengenezaji wa vyombo vya kuwasaidia viziwi hawakudaiwa malipo ya uvumbuzi, kwa heshima ya Alexander Graham Bell, aliyekuwa mwalimu wa viziwi kabla ya kuvumbua simu. Kwa hiyo kitu cha kwanza chenye transista kilichouzwa kwa watu wa kawaida kilikuwa kikuza sauti cha sikioni. Kiliitwa Sonotone 1010, kikatoka mwishoni mwa mwaka 1952, kikiwa na transista moja na taa ndogo mbili.

Sasa fikirini. Chombo cha sikioni chadai transista isiyo na uvumi wowote, maana mgonjwa huisikia mchana kutwa. Kampuni ya Raytheon, huko Massachusetts, ilitengeneza transista nyingi kwa kazi hiyo, lakini nyingi zilishindwa mtihani. Hii ina uvumi, ile inakuza kidogo. Zilikuwa zima, ila hazikufaa sikioni. Norman Krim, mmoja wa wakubwa wa kampuni hiyo, aliona kwamba ni hasara kuzitupa. Mwaka 1953 zikapewa namba mpya, CK722, zikauzwa kwa wanafunzi na kwa watu wapendao kujijengea redio na ampli nyumbani.

Bei yake mwanzoni ilikuwa dola 7,60, fedha nyingi kwa mtoto wa shule. Miaka michache baadaye ilishuka hata chini ya dola moja. Transista hiyo ilikuza umeme mara 20 hivi tu. Lakini iliwaka kwa mawe machache ya tochi, haikuweza kumwua mtu, na majarida ya mafundi yalijaa michoro ya kuifuata. Vijana wengi wa Marekani waliokuja kuwa mainjinia walianza na kitu hicho kilichokataliwa kiwandani.

Uingereza mambo yalikwenda vivyo hivyo. Madukani ziliuzwa transista zisizo na jina, zenye alama ya rangi tu: nyekundu kwa kazi ya sauti, nyeupe kwa kazi ya redio. Kijana mmoja, Clive Sinclair, alinunua transista zilizokataliwa na kiwanda, akazipima moja moja, akatenga nzuri na mbaya. Mwaka 1962 aliuza kikuza sauti kidogo sana ambacho mnunuzi alijijengea mwenyewe. Baadaye alisifika kwa mashine za kuhesabu na kompyuta.

4. Je, germaniumu ilitoka wapi?

Tumesema kwamba transista ya kwanza ilikaa juu ya kipande cha germaniumu. Metali hiyo iligunduliwa mwaka 1886 na Clemens Winkler, mkemia wa Freiberg, akaipa jina la nchi yake Ujerumani. Kwa miaka mingi haikuwa na kazi kubwa. Transista ilipozaliwa, ghafula kila kiwanda kikaitaka.

Nayo si metali ya kuokotwa popote. Hujificha kidogo kidogo ndani ya mawe ya zinki na ya shaba. Sasa basi, msomaji, shika ramani ya Kongo. Kusini-magharibi ya Lubumbashi, mwendo wa kilometa 30 hivi, uko mji wa Kipushi, karibu kabisa na mpaka wa Zambia. Mgodi wake, uliochimbwa na Union Minière wakati wa ukoloni, una shaba, zinki, na pamoja nazo germaniumu nyingi isivyo kawaida. Katika mawe ya Kipushi ndimo mlimotambuliwa jiwe lenye germaniumu lililoitwa renierite mwaka 1948, kwa jina la mwanajiolojia Mbelgiji Armand Renier. Tazameni mwaka huo: ni ule ule transista ilipotangazwa.

Katika miaka ya 1950 Kipushi ilikuwa mojawapo ya chemchemi kubwa za germaniumu duniani. Wachimbaji walishuka shimoni, mawe yakapanda, yakapita tanuruni, na germaniumu ikapelekwa Ubelgiji kusafishwa katika kiwanda cha Olen. Huko viwandani ilisafishwa hata chembe ya uchafu ikawa moja tu kati ya bilioni nyingi. Kisha ikakatwa vipande vidogo kuliko punje ya mtama, ikafungwa katika vikopo vyeusi vyenye miguu mitatu, ikaturudia ndani ya redio.

Babu zetu walichimba metali hiyo, na babu zetu wakainunua tena ndani ya sanduku. Shimoni hawakuambiwa jiwe linakwenda kufanya nini. Dukani hawakuambiwa ndani ya redio mna nini.

5. Ampli yetu

Tulirudi kwenye meza yetu. Katika ile redio tulipata transista moja ya OC71 na mbili za OC72, namba za Ulaya zilizosifika wakati huo. Tulizipanga juu ya kipande cha ubao. OC71 hupokea sauti kwanza na kuikuza. Kisha OC72 mbili huisukuma spika kwa zamu, kama watwangaji wawili katika kinu kimoja: mmoja akiinua mchi, mwenziwe anashusha. Nguvu ilitoka katika mawe sita ya tochi, yaani volti 9. Sauti tuliitoa katika simu ya kijana mmoja, tukaipitisha katika kondensa, ili umeme wa sauti upite na umeme wa betri ubaki nyuma.

Tulipolehemu waya wa mwisho, wimbo ukatoka katika spika. Ilikuwa robo ya wati tu, lakini vijana walipiga makofi.

Furaha haikudumu. Ilikuwa saa sita ya mchana, nasi tulikuwa chini ya paa la mabati. Baada ya muda sauti ikaanza kukwaruza. Tulipogusa OC72 moja, ilikuwa ya moto. Kabla hatujaondoa mawe, ikafa. Kosa lilikuwa letu, kwa sababu tulisahau tabia ya germaniumu. Ikipata joto hupitisha umeme zaidi, hata pasipo kuamriwa. Umeme huo huongeza joto, joto huongeza umeme, na mzunguko huo hauna mwisho ila kifo. Kwa sababu hiyo viwanda viliiacha germaniumu polepole, vikashika transista za silikoni, ambazo zilitengenezwa kwanza mwaka 1954 nazo huvumilia joto zaidi.

Tulitafuta OC72 nyingine katika redio nyingine iliyokufa. Safari hii tulizivika transista hizo vipande vya alumini vya sufuria iliyotoboka, ili joto litawanyike. Tena tuliweka rezista ndogo ya omu chache kwenye mguu uitwao emita: umeme ukizidi, rezista hiyo huuzuia. Ampli hiyo yafanya kazi hata leo. Vijana walijifunza kwa ile transista iliyokufa kuliko kwa makofi ya kwanza.

6. Neno kwa vijana

Yuko atakayesema: «Ya nini taabu hiyo? Ampli ya dukani ni rahisi, tena ina nguvu zaidi.» Ni kweli. Leo ampli nzima hukaa ndani ya kipande kimoja cha silikoni. Lakini mtu anunuaye hupata sauti tu, na mtu ajengaye hupata sauti pamoja na sababu yake.

Germaniumu nayo haijapoteza thamani. Siku hizi hutumika katika nyuzi za kioo zinazobeba habari chini ya bahari, katika vyombo vya kuona usiku, na katika mabamba ya jua ya satelaiti. Mgodi wa Kipushi, uliofungwa mwaka 1993, ulifunguliwa tena mwaka 2024. Mwaka huo huo germaniumu iliyotolewa katika kilima cha mabaki ya tanuru, kile kionekanacho na kila mtu afikaye Lubumbashi, ilianza kupelekwa Ubelgiji, katika kiwanda cha Olen. Njia ni ile ile ya babu zetu. Je, wajukuu nao hawatajua jiwe linakwenda kufanya nini?

Basi, vijana, redio iliyokufa msiitupe. Ifungueni mawe yakiisha kuondolewa, lakini msiguse kamwe vyombo vya umeme wa ukutani pasipo fundi. Kila kiungo kiulizeni jina lake, kazi yake na kwao. Mkiunguza transista moja, tafuteni sababu kabla ya kutafuta nyingine.

Yule kijana aliyetuuliza swali anayo sasa ile transista iliyokufa, ameihifadhi katika kibweta cha kiberiti. Wadogo zake wakimwuliza ilitoka wapi, huwajibu: «Ilitoka Kipushi, ikapitia Ulaya.»