Ukuta wenye Matundu: Safari ya Mlinganyo kutoka Mchangani hadi Baharini

Kwetu hakuna bahari, na nilipoanza kusoma habari za bandari nilidhani ukuta bora wa kuzuia mawimbi ni ule usio na ufa hata mmoja. Historia inaonyesha vingine. Insha hii inaeleza jinsi wahandisi walivyofikia kutoboa kuta kwa makusudi, na jinsi kinachotokea kwenye matundu hayo kilivyowekwa katika hesabu. Hoja yangu ni kwamba mlinganyo uliotumika haukuzaliwa baharini, na asili yake hiyo bado inauwekea mipaka.

Tuanze na tatizo lenyewe. Wimbi likigonga ukuta usiopenyeka halifi, bali hurudi lilikotoka. Likikutana na wimbi linalokuja, maji mbele ya ukuta hupanda hadi karibu mara mbili ya kimo cha wimbi la kwanza. Vyombo vilivyo karibu huyumba, na mchanga wa chini ya ukuta huchimbuliwa. Mwaka 1961 mhandisi G. E. Jarlan, aliyekuwa akifanya utafiti nchini Kanada, alichapisha pendekezo la ukuta wa wima wenye matundu upande wa bahari, na nyuma yake chumba kilichofungwa na ukuta wa pili usiopenyeka. Maji yakipita kwenye matundu huvurugika na kupoteza nishati. Yale yanayorudi kutoka chumbani hukutana na wimbi lililorudishwa na ukuta wa mbele, na chumba kikiwa na upana unaofaa, mawili hayo hupunguzana nguvu. Ukuta wa aina hiyo ulijengwa Baie-Comeau, Quebec, mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Hesabu za ukuta mwembamba unaopenyeka zina ukoo mwingine. Mwaka 1856 Henry Darcy, mhandisi aliyeupatia mji wa Dijon nchini Ufaransa maji ya kunywa, alichapisha majaribio ya maji yanayopita kwenye mchanga. Alionyesha kwamba kasi ya maji hulingana na tofauti ya msukumo kati ya pande mbili za mchanga. Mwaka 1956 G. I. Taylor wa Uingereza alitumia uhusiano wa namna hiyo kwa nyuso zinazopenyeka. Mwaka 1983 Allen Chwang akaupeleka kwenye mawimbi, kwa kukokotoa bamba jembamba lenye vitundu linaposukumwa ndani ya maji. Faida yake ilikuwa kubwa: badala ya kufuatilia kila tundu, mtafiti hutumia namba moja inayoeleza upenyekaji wa bamba zima.

Lakini wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri maungo. Katika mchanga wa Darcy maji yalikwenda polepole. Katika matundu makubwa ya ukuta wa bandari maji hufyatuka kwa kasi, na hapo msukumo unaopotea hufuata mraba wa kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, upotevu huongezeka karibu mara nne. Kwa hiyo mlinganyo unaofaa kwa vitundu vidogo na mawimbi madogo unaweza kukosea wakati wa dhoruba, yaani siku ile ile ukuta unapohitajika zaidi. Ndiyo maana majaribio katika matangi ya mawimbi hayajaachwa.

Mfano wa Ekofisk, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norwei, unatufundisha zaidi. Tangi la mafuta lililowekwa huko mwaka 1973 lilizungushiwa ukuta wa zege wenye matundu, kwa kufuata wazo la Jarlan. Kadiri mafuta na gesi vilivyotolewa, mwamba wa chini ulibonyea na sakafu ya bahari ikashuka. Mwaka 1987 majukwaa kadhaa yaliinuliwa mita 6, na mwaka 1989 tangi likapewa ukuta mwingine wa kinga. Matundu hayakuwa na kosa. Kilichobadilika ni kina cha maji, ambacho wakokotoaji walikuwa wamekichukulia kuwa hakibadiliki.

Kwa kuhitimisha, historia hii isisomwe kama orodha ya wavumbuzi tu. Kila mlinganyo hubeba masharti ya mahali ulipozaliwa. Sisi wanafunzi huukariri na kuyasahau masharti hayo, kumbe kwa anayejenga ukuta, masharti ndiyo yanayoamua kama utasimama.